Kinga Barabarani: Heshima Yake Ilipotea Wapi, na Itarudije?

Mtu akitaka kujua jinsi mji wa Likasi unavyoishi, na aamke mapema. Kabla kengele ya Misa ya asubuhi haijalia, watu wa makala wamekwisha kufika. Wametoka msituni gizani, kila mmoja na kinga yake, na juu ya kinga magunia mawili au matatu ya makaa ya miti, yamefungwa kwa kamba za mpira. Hawakuipanda. Wanaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mkono wa pili nyuma ya mzigo. Na penye mwinuko huinama hata uso unakaribia kugusa gunia. Makala hayo ndiyo yanayopika bukari ya mji mzima, ya mkubwa na ya mdogo. (Wasomaji wa mbali waelewe kwamba kinga ndilo jina tunaloita baiskeli huku kwetu Katanga.)

Sasa tazameni jinsi tunavyowapokea. Dereva wa lori awapigia honi tangu mbali, wala hapunguzi mwendo. Mwenye motokaa ndogo awabana mpaka majanini. Mwenda kwa miguu naye anung'unika, kwa maana kinga imempitia karibu bila kumwonya. Na yule mama anayengoja makala yake mlangoni, ndiye huyo huyo asemaye, "Watu wa kinga hawana akili."

Tulijiuliza: dharau hii ilianza lini? Je, ilikuwako tangu mwanzo? Tena mtu wa kawaida, asiye na cheo wala fedha, aweza kufanya nini ili watu wamtazame kwa macho mengine? Tukaona yafaa tuulize historia, maana historia ni mwalimu mwenye subira. Haya ndiyo aliyotufundisha.

MASHINE ILIYOCHEKWA

Baiskeli haikuzaliwa na heshima. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Ujerumani, bwana mmoja jina lake Karl von Drais alitengeneza mashine ya mti yenye magurudumu mawili. Haikuwa na pedali. Mpandaji alikaa katikati na kusukuma ardhi kwa miguu yake, kama mtoto anayejifunza. Watu walicheka sana. Tena, kwa kuwa barabara zilikuwa mbovu, wapandaji walikimbilia njia za waendao kwa miguu na kuwasumbua. Basi miji kadha wa kadha ikapiga marufuku mashine hiyo. Angalieni neno hili: ugomvi wa mpanda baiskeli na mwenda kwa miguu una umri sawa na baiskeli yenyewe, na chanzo chake ni kile kile tunachokiona leo, yaani barabara isiyofaa.

Miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedali katika gurudumu la mbele. Kisha likaja gurudumu kubwa la mbele, ambalo vijana wenye fedha walilipanda kwa majivuno na kuanguka kwa aibu. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, akatoa ile iliyo mama wa kinga zetu: magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, na mnyororo wa kugeuza gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, akafunga mpira wenye upepo katika kibaiskeli cha mwanawe. Tangu hapo safari ikawa laini, na baada ya miaka michache bei ikaanza kushuka hata mfanyakazi akaweza kununua.

Lakini chuki haikwisha mara moja. Wenye farasi walilalamika kwamba baiskeli zatisha wanyama wao. Wanawake waliothubutu kupanda walichekwa, wakaambiwa ni kinyume cha adabu. Basi wapandaji walifanyaje? Walifanya mambo mawili.

Kwanza, walijiunga. Katika Uingereza waliunda chama cha wasafiri wa baiskeli mwaka 1878. Katika Marekani waliunda chao mwaka 1880, mjini Newport. Wale wa Marekani walianza kudai barabara nzuri, si kwa ajili yao tu, bali kwa ajili ya watu wote, na tangu mwaka 1892 walichapa gazeti la kueneza shauri hilo. Wakulima wengi waliwapinga kwanza, wakiogopa kodi. Lakini barabara njema yampeleka mkulima sokoni upesi kuliko inavyompeleka kijana matembezini, na polepole wengi waliliona jambo hilo.

Pili, walikubali wajibu pamoja na haki. Sheria ya mwaka 1888 katika Uingereza iliitambua baiskeli kuwa gari halali la barabarani, hata mtu asiweze kuifukuza kama mbwa. Lakini sheria hiyo hiyo ilimwamuru mpandaji awashe taa usiku, na tena apige kengele au filimbi kabla ya kumpita mtu au mnyama. Haki na kengele vilikuja siku moja. Sisi twaipenda haki, kengele je?

Na wale wanawake? Hawakubishana sana. Waliendelea kupanda, leo mmoja, kesho wawili, waende kazini, waende kumwona jamaa. Kabla karne ile haijaisha, jambo lililokuwa kichekesho lilikuwa limeanza kuwa desturi. Macho huzoea kile yanachokiona kila siku.

DAMU KATIKA MPIRA

Hapa hatuna budi kusema jambo chungu, maana historia isiyosema machungu ni hadithi ya kulaza watoto tu.

Mpira ule wa magurudumu ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika misitu ya nchi za joto, na nchi yetu ilikuwa moja ya hizo. Tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908 Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Biashara ya baiskeli, na baadaye ya motokaa, ilipopandisha bei ya mpira, vijiji vya Equateur, vya Kasai na vya mahali pengine viliamriwa kuleta utomvu wa mimea itambaayo ya msituni kwa kipimo. Kipimo kisipotimia, wanawake walifungwa mpaka waume zao warudi na mpira. Vijiji vilichomwa moto. Na watu walikatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilitolewa mwaka 1904. Mwaka 1906 Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, aliandika kitabu cha kuulaumu utawala ule, ingawa wananchi wenzake hawakufurahi. Mwaka 1908 nchi ikatolewa mikononi mwa mfalme na kuwekwa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Mwanafunzi wa Paris au wa London aliyepanda baiskeli yake mpya siku ya Dominika hakuyajua hayo. Na wengine walioambiwa hawakutaka kusikia. Kwa nini twayakumbuka hapa? Kwa sababu wako watu wasemao kwamba baiskeli ni kitu duni cha watu duni. Sivyo. Babu zetu waliyalipia magurudumu ya dunia kabla ya wao wenyewe kuyapanda. Mtu wa Kongo juu ya kinga hakuomba nafasi ya bure.

KINGA YAFIKA KATANGA

Katika Katanga baiskeli ilifuata reli na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikasogezwa mbele mpaka Kambove na Bukama. Katika Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati wa ukoloni, kiwanda cha Shituru cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza kazi mwaka 1929. Karibu na miaka ile kampuni iligeuza desturi yake. Badala ya kuajiri vijana kwa miezi michache na kuwarudisha kwao, ilianza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto katika kambi zake, wakae miaka mingi.

Mtu anayekaa miaka mingi ana mshahara wa kuweka akiba. Na akiba ile ilinunua nini? Katika Kongo yote ya wakati ule vitu vilivyotamaniwa na wafanyakazi vilikuwa vichache: cherehani, gramofoni, na kinga. Mwenye kinga alihesabiwa kuwa mtu aliyeendelea. Aliipaka mafuta, aliifuta vumbi, hakuiazima ovyo. Aliporudi kijijini kwa likizo juu ya magurudumu mawili, watoto walimkimbilia tangu mtoni.

Na sisi walimu wa dini? Misheni za Katanga zilisambaa tangu mwaka 1910, chini ya Mgr. de Hemptinne na Wabenedikto wenzake, na nchi ilikuwa kubwa mno. Padre hakuweza kufika kila mahali. Mwalimu alifundisha sala, aliongoza ibada ya Dominika, aliwatazama wagonjwa, akapeleka habari misioni. Aliyekuwa na miguu tu alifikia vijiji vichache. Aliyepata kinga alifikia vingi. Ndiyo sababu mwaka 1927, katika Ujerumani, Padre Paul Schulte alianzisha chama cha MIVA cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari. Na chama cha namna hiyo hiyo, kilichoanzishwa Austria mwaka 1949, kimetoa pia baiskeli kwa ajili ya walimu wa dini.

Mwaka huo huo wa 1949, tarehe 13 Oktoba, Baba Mtakatifu Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye kanisa lake dogo liko juu ya mlima kaskazini mwa Italia, kuwa msimamizi wa wapanda baiskeli. Hakuna aliyecheka.

JINSI DHARAU ILIVYOINGIA

Basi heshima ile ilikwenda wapi?

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, na baada ya taabu za kujitenga kwa Katanga zilizokwisha mwaka 1963, nchi ilipata wakubwa wapya, na wakubwa wapya walipata motokaa. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ya Union Minière. Kampuni ya taifa iliyotokea ndiyo tunayoijua kwa jina la Gécamines. Kuanzia hapo kijana hakuota tena kinga. Aliota kiti cha nyuma cha motokaa ya kazi.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 shaba iliyotolewa ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ikachelewa, kisha ikakosekana miezi mingi. Katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliagwa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Baba aliyekuwa fundi wa mashine akatafuta shamba. Mwanawe akaingia msituni kuchoma makala. Na chombo cha kubebea mahindi na makala kilikuwa kipi? Kilikuwa kinga.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo dharau ilipoingia. Hatukuidharau kinga kwa sababu ya ubaya wake. Tuliidharau kwa sababu ilitukumbusha tulivyoanguka. Tuliuogopa umaskini wetu wenyewe, na yule mtu wa makala akawa kioo tusichotaka kujitazama.

Tukiri kosa letu. Tulipotoka seminarini na kuanza kazi ya ualimu, tulipewa kinga ya kufikia vijiji. Ilikuwa nzima na yenye nguvu. Lakini siku ambayo wageni walikuja parokiani, tuliisukuma nyuma ya jikoni ili wasiione, tukaenda kuwaamkia kwa miguu kama mtu aliyeshuka kwenye motokaa ya mwingine. Mzee mmoja mwashi alituona. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mwalimu, hiyo kinga umeiba?" Neno hilo halijatutoka.

Siku hizi migodi imefufuka mikononi mwa makampuni mengi, na barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi imejaa malori ya shaba na kobalti. Dereva wa lori anahesabiwa saa zake. Mtu wa makala anahesabiwa magunia yake. Na lami ni moja. Wenye magari wana methali yao: mwenye nguvu mpishe. Lakini yule anayeshuka majanini kila mara, ipo siku atakuta hakuna majani, ila shimo.

JIRANI ZETU WALIFANYAJE?

Mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, vijana wa Busia walianza kuwabeba wasafiri nyuma ya baiskeli, mpaka huu hata mpaka ule. Jina la boda boda lilitokea huko. Walifunga kiti chenye godoro, wakapanga foleni vituoni, wakaunda vyama. Baadaye pikipiki zilichukua kazi nyingi. Lakini mwanzo ulikuwa wa baiskeli, na abiria alikubali kupanda kwa sababu alimjua kijana wa kituo kile kwa uso na kwa jina.

Katika Tanzania wapanda baiskeli wa Dar es Salaam waliunda umoja wao, UWABA, wakafanya misafara mjini ili serikali na wenye magari wawaone kuwa ni watu wengi, wa kila namna.

Katika Burundi mambo yalikwenda vingine. Mwezi wa Machi mwaka 2022 wakuu wa serikali waliamuru baiskeli na pikipiki za abiria zisiingie tena sehemu kubwa ya mji wa Bujumbura. Waliokuwa wakiishi kwa pedali walipoteza mkate wao upesi. Twaona hapa hatari ya dharau. Watu wakizoea kusema kwamba wapandaji ni fujo tu, siku wanapofukuzwa hakuna mwenye kuwatetea.

Lakini karibu na hapo, katika Rwanda, mwezi wa Septemba mwaka 2025, mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza katika Afrika. Watu walijaa kando ya barabara milimani kuwashangilia wapandaji. Ni chombo kile kile. Kwenye kilima kimoja chapigiwa makofi, kwenye kilima kingine chapigiwa honi. Basi tofauti haimo katika magurudumu, imo machoni mwa watu. Na macho ya watu yaweza kugeuzwa.

JE, ADABU YATOSHA?

Kabla ya kutoa mashauri, twapenda kujibu swali moja gumu. Wengine husema, "Wapanda kinga wakiwa na adabu, watu watawaheshimu, basi." Ni kweli?

Alikuwako Mmarekani mweusi, Marshall Taylor, aliyezaliwa mwaka 1878 na kujulikana kwa jina la Major Taylor. Alikuwa Mbaptisti mcha Mungu. Kwa miaka mingi alikataa kushindana siku ya Dominika, ingawa alipoteza fedha nyingi. Hakutukana mtu. Mwaka 1899, mjini Montreal, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi. Je, adabu yake ilimfungulia milango yote? La. Mwaka 1894 chama kikubwa cha wapanda baiskeli wa Marekani, kile kile tulichokisifu juu ya habari ya barabara, kilikuwa kimepiga kura kwamba watu weupe tu waweza kuwa wanachama. Mwaka 1897 mpinzani mmoja alimkaba koo baada ya mashindano hata akazimia. Alikufa maskini mjini Chicago mwaka 1932. Chama kile kilifuta rasmi kanuni yake ya aibu mwaka 1999.

Kwa hiyo tusimdanganye mtu wa makala kwamba akipiga kengele vizuri lori halitamgonga. Adabu ya mnyonge haiondoi wajibu wa mwenye nguvu.

Tazameni pia Uholanzi, nchi ambayo leo ina baiskeli nyingi kuliko watu. Hata huko baiskeli ilikuwa ikisukumwa kando baada ya vita vya pili, motokaa zilipoongezeka. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, na kati yao watoto zaidi ya 400. Ndipo wazazi na wapandaji wa kawaida, si wakubwa, walipoanza kutembea na kuendesha kwa wingi njiani, wakidai kwamba mauaji ya watoto yakome. Mwaka 1975 wapandaji wakaunda chama chao. Serikali zilijenga njia za baiskeli polepole, mwaka kwa mwaka. Vifo vya barabarani sasa havifiki elfu moja kwa mwaka.

Basi jibu letu ni hili: adabu peke yake haitoshi, na madai bila adabu hayasikilizwi. Yaende pamoja, kama magurudumu mawili. Wahenga wamesema, heshima si utumwa. Anayepiga kengele hajidhalilishi. Anajitambulisha kuwa mtu.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE?

Yako mambo ambayo kila mpanda kinga wa Likasi aweza kuyaanza bila kungoja serikali wala mfadhili. Tuyataje machache.

Kwanza, tuonekane. Anayetoka Kikula kabla ya mapambazuko bila taa wala kitu cheupe anamtaka dereva awe nabii. Tochi ndogo iliyofungwa mbele, kitambaa cheupe au kioo chekundu nyuma ya mzigo, gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza.

Pili, breki na kengele. Wengi wetu twazuia kinga kwa kukanyaga mpira na ndala. Tukiwa na mzigo mteremkoni, hiyo si breki, ni bahati.

Tatu, tufuate upande wetu. Katika nchi yetu twakaa kuliani, na sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 haikuandikwa kwa ajili ya motokaa peke yake. Tusije kinyume, tusiende wawili wawili tukiongea, na kabla ya kugeuka tunyoshe mkono.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, tumheshimu mwenda kwa miguu. Yeye kwetu ni kama sisi kwa lori. Tukimpita bikizee kwa kasi bila kumwonya, tumemfanyia lile lile tunalolilia kila siku. Hatuwezi kudai huruma ya mkubwa na kumnyima mdogo.

Tano, tupime mzigo. Gunia lililotokeza pande mbili hula barabara nzima. Afadhali safari mbili, au wenzi wawili wakisaidiana mlimani kwa zamu.

Sita, tusalimiane. Dereva akitungojea penye daraja jembamba, tuinue mkono kumshukuru. Dereva mmoja akikosa, watu husema "yule dereva". Mpanda kinga mmoja akikosa, husema "hawa watu wa kinga". Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Basi na wema wa mmoja uhesabiwe kwa wote vile vile.

Saba, wenye suruali safi nao wapande. Kinga ikiwa ya mtu wa makala peke yake, itadharauliwa pamoja naye. Mwalimu wa shule na aipande, mwuguzi na aipande, binti wa sekondari na aipande, mzee wa kanisa na aje nayo Misani na kuiegemeza ukutani mbele ya kanisa, si nyuma. Sisi walimu wa dini tuanze. Siku za vita, mwaka 1943 na 1944, bingwa Gino Bartali wa Italia, Mkatoliki mwema, alipeleka hati za kuwaokoa Wayahudi akizificha ndani ya mabomba ya baiskeli yake. Hakujitangaza, mwaka 2013 tu, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake, Yad Vashem ya Yerusalemu ilimhesabu kati ya wenye haki. Kinga yaweza kubeba mambo makubwa. Yategemea aliye juu yake.

Nane, tuungane. Katika kila mtaa wapandaji kumi wakiweka akiba kidogo, waweza kununua pampu, viraka na taa za pamoja, na kumsaidia mwenzao aliyevunjika mguu. Tena waweza kwenda kwa mkuu wa mtaa wakiwa na neno moja: tupewe ukingo wa kupita penye barabara kuu. Mtu mmoja akienda, ataambiwa arudi kesho. Kumi wakienda kwa adabu na kwa saa iliyopangwa, karani atatoa viti.

Na ninyi wenye magari mnaosoma ukurasa huu, wajibu wenu hauhitaji hesabu nane. Punguzeni mwendo, acheni nafasi. Mnayempita ana watoto, na yawezekana makala yaliyopika chakula chenu cha jana yalikuwa juu ya kinga yake.

Ndugu wasomaji, kesho alfajiri watu wa makala watapita tena. Hatuwezi kugeuza barabara nzima kwa siku moja. Lakini mlangoni petu, tunapolipa gunia, twaweza kusema, "Asante baba, pole na safari," na kumpa kikombe cha maji kabla hajageuza kinga yake kurudi. Tuanzie hapo.